Mifupa Myeusi ya Bibi Arusi

Mara ya kwanza nilipoingia uani kwa Akusheze, nilimkuta anamwosha kuku kwa sabuni ya mtoto mchanga. Nilikuwa nimetumwa kuazima ungo. Nilisimama mdomo wazi, ungo nikausahau. Kuku mwenyewe hakuwa na manyoya niliyoyajua. Alikuwa na kitu cheupe, laini kama pamba, kimemfunika mpaka vidole vya miguu, na alikuwa amefumba macho ndani ya beseni bila wasiwasi wowote. Akusheze alimsuuza, akamfunga taulo, ndipo akaniangalia.

"Unashangala nini? Haujaona mutu ananawa?"

Tangu siku hiyo sijui kama niliwahi kumaliza wiki nzima bila kushtushwa na mama yule. Hapa Goma akusheze ni mwanamke anayezalisha wenzake, na mtaani kwetu waliokuwa na kazi hiyo walikuwa wengi, lakini ukisema Akusheze bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye. Jina alilobatizwa sijui kama lilitumika popote zaidi ya kwenye kadi yake ya parokia.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo na sauti ya kuamrisha kikosi. Neno lake lilikuwa moja: "Pumua kwanza, utalia kiisha." Aliwaambia hivyo wanawake waliokuwa wanajifungua, na walitii. Lakini alimwambia hivyo pia baba mmoja aliyeibiwa pikipiki, na mimi aliniambia hivyo asubuhi niliyopata habari kwamba nimeanguka mtihani wa diploma. Nilikuja kwake nikitafuta wa kunibembeleza. Nilipumua, na nilipomaliza kupumua alikuwa ameshanipa fagio nimfagilie banda.

Watu wa mbali walidhani mtu aliyezalisha nusu ya mtaa lazima awe anapenda watoto. Wapi! Akishamkata mtoto kitovu na kumkabidhi, hakumbeba tena. Ukimpelekea mwanao akuoneshe furaha, alimtazama macho, akamgusa tumbo, akakurudishia. "Kazi yangu ni mulango," alisema. "Chumba iko ya mama yake." Watoto waliochungulia bustani yake aliwafukuza kwa kijiti kwa sababu walikuwa wanawanyonyoa kuku wake. Na bado hakusahau hata mmoja alivyokuja duniani. Siku moja tulipanda pikipiki mbili kwenda sokoni, askari wa barabarani akatusimamisha, kijana mrefu, miwani ya jua, amejaa ukali. Akusheze alimkazia macho, kisha akapaza sauti barabara nzima isikie: "Ni wewe! Wewe ulikuya na matako mbele! Nilikushika hapa!" Akaonesha aliposhika. Askari alivua miwani, akaturuhusu twende, na pikipiki saba zilizokuwa nyuma yetu zikapita naye akiangalia chini.

Bustani yake ilikuwa kituko kingine. Anayeijua Goma anajua tunaishi juu ya mawe ya volkeno, meusi, yanayochana viatu. Ukitaka kupanda kitu lazima ulete udongo kwa magunia kutoka Kibumba. Sisi wengine tukipata gunia la udongo tunapanda lengalenga au vitunguu, vitu vya kuingia chunguni. Akusheze alileta udongo wake kwa miezi mingi, akajenga vitalu kwa mawe, akapanda maua. Mama yangu alipoona maua yale alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyeletewa habari ya msiba.

Kisha ndani ya maua wakaja kuku. Mfanyabiashara mmoja wa maharage wa Kiwanja, ambaye mkewe alijifungua salama mikononi mwa Akusheze baada ya siku mbili za mateso, alimletea zawadi ya mayai sita kutoka Uganda, ameyafukia ndani ya gunia la maharage yasivunjike. Akusheze aliyaweka chini ya kuku wa kawaida ayaatamie. Yakaanguliwa manne. Waliokuwepo siku yule kuku alipowaona vizuri wanawe mchana wanaapa alirudi nyuma hatua mbili.

Mmoja alikuwa na shungi kubwa la manyoya lililomfunika macho, akigonga ukuta kila akigeuka. Huyo aliitwa Perike, maana ndivyo tunavyoita nywele za bandia, na kila Jumamosi Akusheze alimpunguza shungi kwa mkasi apate kuona. Wa pili manyoya yake yote yamepinda kwenda mbele, kama anayesimama na upepo mgongoni. Huyo ni Upepo. Wa tatu jogoo, hata kilo hajafika, kifua kimetangulia mpaka kichwa kinagusa mkia, kelele asubuhi mpaka jioni na hakuna anachofanya. Huyo alimwita Depite, yaani mbunge, na hakuna aliyeuliza sababu. Wa nne ndiye yule mweupe wa pamba. Huyo alikuwa Bibi Arusi.

"Mama, hizi zinataga ngapi?" waliuliza waliopita.

"Na maua inataga ngapi?"

"Sasa zinasaidia nini?"

"Hii haiko kuku, baba. Hii ni maua yenye kutembea. Miaka yote hii naangalia damu. Niache niangalie kitu kizuri."

Msidhani alikuwa mtu wa kuhurumia kuku. Alifuga pia kuku wa kawaida, hao aliwachinja mwenyewe bila kupepesa jicho, akala mguu na kunyonya mfupa akiwa ameketi katikati ya bustani, Bibi Arusi amelala mapajani mwake. Nilipomwambia inatisha, hakuelewa nasema nini. Kwake vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuku ni kuku. Wale wanne aliwaita kwa majina, na neno kuku halikuwahi kutoka kinywani mwake kwa ajili yao. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na kosa lile limemla yeye miaka kumi na miwili.

Ilikuwa siku ya posa yangu. Sisi ni watu wa Butembo. Mchumba wangu wazazi wake ni wa upande wa Bukavu, na pande zote mbili zilikuwa zimenuna kidogo kabla hata ya kukutana. Tulitangaziwa wageni sita. Alfajiri tukaambiwa wanakuja kumi na mmoja, na mzee wa kuongoza ujumbe ni baba mkubwa wa mchumba wangu, karani mstaafu mwenye tumbo na heshima zake. Mkubwa wa ujumbe hawezi kuchangia bakuli. Anawekewa kuku wake mzima na firigisi yake, na yeye ndiye anayefunua sufuria. Tulikuwa na kuku wawili tu. Mama akanituma mbio kwa Akusheze.

Nilimkuta getini, mkoba wake wa kazi begani, kuna mwanamke anamsubiri kule Kanyaruchinya na pikipiki inanguruma. Aliniangalia uso, akaniangalia tena kuanzia chini mpaka juu.

"Mama anaomba kuku moja, ya wageni."

"Ingia. Kamata ile nyeupe." Akapanda, akaondoka.

Kuku mweupe wa kawaida alikuwepo kweli. Nilimkimbiza kuzunguka vitalu, akaingia chini ya rundo la mawe, asitoke. Na Bibi Arusi alikuwa amekaa tu kwenye maua, ananitazama. Nilipoinama hakukimbia. Alizoea kubebwa. Je, nilijua? Nusu yangu ilijua. Nusu nyingine ilisema umeambiwa mweupe, huyu ni mweupe, wageni wako njiani. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata mama yangu, hata mchumba wangu: nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Posa ile ikiharibika nilikuwa nimekwisha.

Nilimchinja nyuma ya jiko. Nilipomtia maji ya moto na kuvuta pamba ile, nilipiga kelele mpaka nikajiziba mdomo. Ngozi yake ilikuwa nyeusi. Si doa, si ugonjwa. Nyeusi ya samawati mwili mzima. Nilimsugua nikidhani ni uchafu. Nilipompasua, nyama nayo ilikuwa imeingia giza, na kila mfupa mweusi tii. Nilitaka kumtupa, na nikasikia magari yanasimama nje, na shangazi anaita, "Iko wapi kuku ya muzee?" Basi nikamkatakata, nikamwaga mawese na nyanya mpaka sufuria yote ikawa nyekundu. Shangazi alipoonja mchuzi alisema huyu ndiye laini, apewe mzee asiye na meno mengi.

Baba Mkubwa alifunua sufuria. Alikula. Alisifu. "Kuku ya huku Goma iko tamu sana," alisema, na mama yangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Nikamwona anautoa mfupa mdomoni, anaunyonya, anautazama. Akaufuta mchuzi kwa kidole gumba. Akautazama tena.

"Hii ni mufupa," aliuliza polepole, "ao ni makala?"

Kisha mtu upande wao akalitaja neno ambalo hapa kwetu halitajwi mezani.

"Karuho!"

Karuho ni sumu ya siri, ile watu wanayosema huwekwa kwenye chakula au pombe na mtu unayemwamini. Meza iliangushwa. Baba Mkubwa alitolewa nje akitapishwa, mmoja anatafuta maziwa, mwingine anapiga magoti na rozari, wanawake wa kwao wanalia kama maiti imeshalala hapo. Mchumba wangu alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Hapo shangazi yangu akapanda juu ya kiti. "Hii kuku haikutoka kwetu! Ilitoka kwa Akusheze! Muulize huyu mutoto!"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo. Ilitoka kwa Akusheze." Nikaishia hapo.

Walimngojea getini kwake. Alishuka kwenye pikipiki jioni mapema, amechoka, damu ya watu kwenye kanga, akakuta umati. Walimuuliza kama ndiye aliyetoa kuku. Aliangalia ndani kupitia geti, kule kwenye maua. Kisha akanitafuta mimi katikati ya vichwa vya watu, akanipata.

"Ndiyo," alisema. "Ilitoka kwangu. Mi njo nilimupa. Huyu mutoto hajue kitu." Akaingia, akafunga geti.

Na watu waliamini. Bibi harusi hana hatia, nyumba yake haina hatia. Ni jirani mwenye wivu aliyetaka kuwaharibia. Wiki tatu baadaye posa ilirudiwa, nikaolewa. Siku zilizofuata Akusheze alijaribu kueleza kwamba wako kuku wa aina hiyo, wamezaliwa hivyo, nyama nyeusi na mifupa myeusi. Kila alivyoeleza alizidi kujichimbia. Nani anafuga kuku mwenye mifupa myeusi kama hana kazi naye? Baba Mkubwa hakuugua hata kikohozi. Lakini huo ndio ubaya wa karuho: wanasema haina haraka. Ukiamka mzima kesho, inakusubiri. Ukiwa mzima mwakani, bado inakusubiri. Baba Mkubwa yu hai mpaka leo, mnene kuliko wakati ule, na kila Noeli anapopewa nyama hushika tumbo na kusema, "Ile ya Akusheze iko humu, naisikia."

Wanawake hawakuacha kumwita. Hili nalo linanishangaza mpaka leo. Uchungu ukikaza, walimtaka yeye. Mwaka ule mlima wa volkeno ulipotutisha na mji wote ukamwagika barabarani, watu walibeba magodoro. Akusheze aliwapakia kuku wake ndani ya tenga juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, Perike anachungulia, Depite anawika. Watu walimzomea. Tulipofika mbele, mwanamke mmoja akashikwa na uchungu pembeni ya njia. Akusheze alishusha tenga, akatandika kanga, akamzalisha pale pale, mtoto wa kiume, mzima. Kisha akatoa chupa yake ya chai, akamimina kikombe, akampa yule mama aliyekuwa anatetemeka kwa baridi.

Yule mama akageuza uso, kikombe asikipokee. "Asanti, Mama. Sina kiu."

Mikono ile ile aliikubali mwilini mwake, chai akaikataa. Niliona hayo kwa macho yangu nikiwa hatua tano kutoka pale, na nilikaa kimya.

Nyumbani kwake kila alasiri aliweka viti viwili bustanini na chupa ya chai. Tulipita njiani tukamsalimu vizuri, "Mama, habari ya mchana," tukapita. Magharibi aliimwaga chai kwenye maua. Hakulalamika. Ila alikuwa mkali zaidi ya zamani, na vifaranga vilivyoanguliwa baadaye hakukipa hata kimoja jina la Bibi Arusi. Nami nilijiambia kwamba hajui. Nilijiambia anadhani nilimchukua yule mweupe wa kawaida, na Bibi Arusi aliliwa na mbwa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mwezi uliopita binti yangu Furaha, ambaye anamaliza shule ya msingi, alirudi nyumbani, akaweka mfuko wa daftari, akaniuliza, "Mama, ni kweli Akusheze alitiliaka babu karuho?"

Nikamjibu, "Sijui."

Neno lile lilinitoka kirahisi kabisa, mbele ya mwanangu, na lilinishtua kuliko ile mifupa. Sikuweza kukaa. Nilivaa kanga, nikavuka njia.

Amezeeka. Jicho moja limeingia ukungu, na magoti yanamsumbua. Alikuwa bustanini anawamwagia mahindi wajukuu wa Perike. Sikusubiri kukaribishwa. "Mama," nilisema, "ile kuku ya posa. Ulisema nyeupe, na mimi nilikamata Bibi Arusi. Nilikosea. Kiisha nikanyamaza."

Aliendelea kumwaga mahindi. "Minajua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Nilifika kwa geti, nikaona ile nyeupe inatembea, Bibi Arusi haiko."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Juu ulikuwa na mimba."

Nilimwambia hakuna mtu aliyejua, hata mama aliyenizaa.

"Mutoto, kazi yangu njo ile. Ulisimama kwa geti asubuhi, nikakuangalia mara moja, nikajua. Ningesema ulikosea, bale bangesema bibi harusi mwenyewe njo alipika karuho. Bangeenda, bwana angeenda, ungebaki na tumbo. Nikasema basi, iwe mimi. Huyu mutoto akishaingia kwa nyumba ya baba yake, mama yake atakuya kusema ukweli." Alikung'uta mikono. "Nikangoja posa. Nikangoja ndoa. Nikangoja uzae. Mutoto akabatizwa, akaanza masomo. Chai nachemsha kila siku."

Nililia. Nilimwomba msamaha, nikapiga magoti kwenye mawe yale. Aliniacha nilie.

"Batu bengine sina shida nabo," alisema. "Banaogopa karuho, hawajue. Lakini wewe ulijua hakuna karuho. Peke yako katika Goma mzima, ulijua. Miaka kumi na mbili, na wewe haukukula kwangu hata siku moja. Wewe uliogopa nini?"

Juu ya kiti cha pili kulikuwa na sahani yake ya mchana, bugali na maharage, amefunika na sahani nyingine.

"Mama," nilisema, "unipe chakula."

Alishtuka. Katika miaka yote niliyomjua, yeye ndiye aliyetushtua sisi. Sikuwahi kumwona yeye ameshtuka. Aliifunua sahani mwenyewe, akanisogezea. Niliichukua, lakini sikukaa kwenye kiti. Nilitoka nayo nje ya geti, nikaketi kwenye jiwe pembeni ya njia, mahali wanawake wanapopita na madumu ya maji, nikanawa, nikaanza kula.

Wa kwanza kupita alikuwa mama wa nyumba ya tatu. Alisimama, dumu likiwa mgongoni.

"Mama Furaha! Unakula kwa nani pale?"

"Kwa Akusheze," nilisema. "Kuya karibu, nikuambie mutu mwenye aliua ile kuku." Nikaanza kumweleza, tonge likiwa bado mdomoni.